Jiwe la Elfu Moja Mia Nne na Tisa

Ungeambiwa umwondoe marehemu mmoja tu kati ya elfu moja mia nne na tisa, ili safu za mawe yao zikae sawasawa, ungemwondoa nani?

Usikimbilie kujibu kwamba usingemwondoa yeyote. Hivyo ndivyo kila mtu hujibu akiwa amekaa kitako na wafu si wake. Kulikuwa na fundi mmoja wa sakafu, mtu wa heshima zake, ambaye hata paka aliyelala kivulini hakumfukuza, na yeye alimwondoa mmoja. Alimwondoa mchana kweupe, mikono imejaa saruji, huku akipiga mluzi. Hakuna aliyemtuma, na hakujua amefanya nini mpaka zege lilipokauka.

Watu walimwita Timazi. Timazi ni ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni ambayo mwashi huining'iniza kando ya ukuta kuona kama umesimama wima, na huyu mzee naye alikuwa hivyohivyo: mrefu, mwembamba, hapindi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazi ya sakafu alifundishwa na mjomba wake akiwa kijana, na hakuwahi kushika nyingine. Zahanati, posta, korido za shule, ukumbi wa mikutano, vyumba vya watu: nusu ya mji ilikuwa inatembea juu ya mgongo wake, alipenda kusema, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia samahani.

Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa na kisa kimoja alichomsimulia kila mgeni. Siku Timazi alipokwenda kwao kuposa, aliingia sebuleni, akaketi, akainamisha macho na hakuyainua mpaka mazungumzo yalipokwisha. Wakwe wakafurahi, wakasema kijana huyu amelelewa. Kumbe mwenzao alikuwa anakitazama kigae kimoja karibu na mlango, kimeinuka juu ya wenzake kwa unene wa ukucha, na moyoni anamlaani aliyekiweka. Siku aliyorudi kupewa jibu alikuja na mwiko wake. Jibu alipewa akiwa amepiga magoti mlangoni, anakirekebisha.

Mke huyo alikufa kitandani, kwa maradhi, miaka kadhaa kabla ya maji. Alimwachia binti mmoja, mshonaji, ambaye baadaye aliolewa na kuhamia mitaa ya bondeni, karibu na kinu cha unga.

Na maji yalipokuja, yalikuja bondeni. Bwawa la juu lilikuwa na ufa. Wakubwa walionyeshwa ufa huo zaidi ya mara moja. Wakaja, wakatazama, wakasema ni mstari wa rangi. Asubuhi moja ya mvua ule mstari wa rangi ukafunguka, na bwawa zima likashuka kwa pamoja. Timazi alikuwa juu mlimani, anaweka sakafu ya ghala. Alipofika chini hakukuwa na mtaa. Binti yake alipatikana mchana, amekumbatia mhimili wa paa la kinu, hai. Mumewe alipatikana siku ya pili. Mtoto wao, aliyezaliwa alfajiri ya siku ileile, hakupatikana kabisa.

Mtoto huyo alikuwa hajapewa jina. Wazazi walikuwa bado wanabishana, baba anataka hili, mama anataka lile, kwa furaha, kama watu wenye muda mwingi mbele yao. Lakini mkunga aliyemzalisha alinusurika, na orodha ya wafu ilipoandikwa alisimama mezani akakataa kuondoka mpaka mtoto naye aandikwe. Alisema yeye alimpokea kwa mikono yake na alimsikia akilia, kwa hiyo asije mtu akamwambia hakuwepo. Ndivyo idadi ilivyokuwa elfu moja mia nne na tisa. Ilitangazwa redioni, ikaandikwa kwenye ubao wa matangazo, na kila mtu mjini aliijua kama anavyojua umri wake.

Wafu walizikwa harakaharaka katika shimo refu lililochimbwa kwa trekta, hakuna aliyejua nani amelala wapi. Kwa hiyo wafiwa walipokutana kuzungumzia ukumbusho, walidai kwa sauti moja kwamba huku juu, angalau, watu wao wapangwe kama watu. Kila marehemu apate jiwe lake la zege, la mraba, lenye jina lake. Mawe yote yalingane. Safu zote ziwe kamili, asiwepo anayebaki peke yake mwishoni. Na lisiwekwe jiwe tupu la kuziba pengo, kwa sababu jiwe tupu lingeonekana linamsubiri mtu, na mji ule ulikuwa umechoka kusubiriwa.

Kazi akapewa Timazi. Nani mwingine?

Alichukua kipande cha mbao na penseli, akaanza kutafuta umbo. Ishirini kwa safu, wanabaki tisa. Ishirini na tano, wanabaki tisa tena. Thelathini kwa arobaini na saba, karibu kabisa, lakini amepungua mmoja, na jiwe tupu limekatazwa. Akaendelea. Thelathini na mbili kwa arobaini na nne: imekaa, imenyooka, umbo zuri kama mlango, na limebaki jiwe moja.

Hapo ndipo alipoanza kupiga mluzi.

Ili umwelewe, lazima uijue kazi yake. Fundi wa sakafu akimaliza chumba na kigae kimoja kikabaki, hasikitiki. Anakifuta vumbi, anampa mwenye nyumba, anamwambia weka hiki stoo, siku kimoja kikivunjika utanishukuru. Sakafu iliyokwisha bila kubakiza hata kimoja humkosesha fundi usingizi. Miaka yote hiyo Timazi alikuwa amebakiza kimoja katika kila chumba na kukiita akiba. Mkono ulifanya hesabu ulivyozoea, na moyo haukuitwa kushauriana. Siku hiyohiyo alishuka kwenye uwanja wa ukumbusho, bondeni ng'ambo ya daraja, akavuta uzi, akapigilia vigingi, na kabla ya wiki kuisha ukingo wa zege ulikuwa umemwagwa kuzunguka uwanja: nafasi thelathini na mbili upande huu, arobaini na nne upande ule. Wapita njia waliusifu.

Mchonga herufi alikuwa mtu mnene, mcheshi, wanamwita Tindo kwa sababu ya chombo chake cha kuchongea mawe. Alikuwa amejijengea banda la bati pembeni mwa uwanja na alichonga jina baada ya jina akifuata orodha. Mtu anayechonga majina ya wafu kutwa nzima, asipotania, atalia. Basi Tindo alitania. Siku moja alimfuata Timazi akiwa na karatasi mkononi, na safari hii hakutania.

"Mzee Timazi, huyu wa mwisho umemtengea wapi?"

Timazi akaitazama karatasi. Mstari wa mwisho ulisema: mtoto mchanga, hana jina, wa mshonaji wa karibu na kinu. Akageuka kuutazama ukingo. Akahesabu safu kwa macho, ingawa aliijua idadi yake kuliko mtu yeyote duniani. Halafu akaketi juu ya mfuko wa saruji.

Kwamba mjukuu wake yumo kwenye orodha, alijua. Na kwamba limebaki jiwe moja, alijua. Mambo hayo mawili yalikuwa yamekaa kichwani mwake kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana.

Alikwenda mwenyewe kwa kamati ya ukumbusho kueleza. Mwenyekiti alikuwa mfamasia mstaafu, mtu msafi, mpole, aliyepoteza watoto wawili wa kiume asubuhi ile. Hakumfokea. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaiweka kalamu chini, akasema kwamba labda Mungu mwenyewe ameonyesha njia. Ukumbusho huu ni wa majina. Yule malaika hakuwa na jina. Idadi itabaki ileile ubaoni, hakuna atakayeibadilisha, ila mawe yatakuwa ya wenye majina, na mdogo yule atakumbukwa mioyoni. Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Walikuwa wamechoka, maadhimisho yalikuwa mwezi uliofuata, na umbo lilikuwa zuri.

Ona basi jinsi jambo baya linavyoweza kusemwa kwa sauti laini. Hakuna aliyesema tumtupe mtoto. Walisema mioyoni. Moyo ndio mahali pa bei rahisi kuliko pote pa kumhifadhia mtu, kwa sababu hakuna anayeweza kwenda kukagua kama yumo. Na Timazi, mtu asiyepinda, alisimama mbele ya meza ile na hakusema kitu. Aliaga, akatoka.

Binti yake alikuwa amerudi kuishi naye. Alikaa chumba cha mbele, cherehani dirishani, akishona sare za shule kwa oda. Hakwenda mikutanoni. Daraja la kushukia bondeni hakulivuka tena tangu siku ile. Timazi alivuta kigoda, akamwambia kila kitu bila kujipamba: alivyopiga hesabu, alivyobakiza moja, kamati ilivyosema. Alitegemea atalia. Hakulia. Aliendelea kushika kitambaa chini ya sindano bila kukanyaga.

"Baba," alisema, "ulipoona limebaki moja, ulifikiri ni la nani?"

"Sikufikiri ni la mtu, mwanangu. Nilifikiri ni jiwe."

Binti akalizungusha gurudumu la cherehani kwa kiganja, taratibu, sindano ikapanda na kushuka.

"Alinyonya," alisema. "Mtu asiyekuwepo hanyonyi."

Baada ya hapo hakuzungumza na baba yake. Chai alimwekea, maji ya kuoga alimpashia, shati alilichukua likiraruka akalirudisha limeshonwa. Maneno tu ndiyo hakumpa.

Timazi akarudi kwenye kipande chake cha mbao. Alikaa nacho kizingitini mwa nyumba mchana kutwa, anagawanya, anafuta, anagawanya. Aliamini kwamba lipo umbo moja lililomponyoka, kama vile pembe ya chumba inavyokataa mpaka uitazame kutoka upande mwingine. Alikuwa bado yupo hapo alipokuja mwalimu wa hesabu wa sekondari, mama mfupi mwenye miwani, kuchukua gauni lake. Huyu naye alikuwa na wafu wake: katika darasa lake la kidato cha pili viti vilikuwa vimekuwa vingi kuliko wanafunzi.

"Shikamoo mzee. Mbona unaikwaruza mbao?"

"Marahaba, mwalimu. Naitafutia namba hii safu. Inanikimbia."

Mwalimu akakaa kizingitini bila kujali sketi yake, akaomba penseli. Wakaanza pamoja. Mbili haiingii, ni witiri. Tatu haiingii. Tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, wakapanda hivyo mpaka thelathini na saba, na kila mara kikabaki kitu. Mwalimu akaiweka penseli chini.

"Mbona unaishia hapo?" Timazi akauliza.

"Kwa sababu ikigawanyika kwa namba kubwa zaidi ya hapo, lazima mwenzake awe mdogo. Na wadogo wote tumeshawapigia hodi. Hakuna aliyefungua." Akavua miwani akaifuta. "Hukukosea kugawanya, mzee wangu. Namba hii haigawanyiki kwa kitu chochote isipokuwa moja na yenyewe. Angalia majirani zake: elfu moja mia nne na nane inakatika hovyo, elfu moja mia nne na kumi vilevile. Yenyewe imesimama katikati yao, haikatiki. Vitabuni tunaziita..." Akageuza kichwa kuelekea dirishani, akashusha sauti. "Tunaziita namba tasa."

Ndani cherehani ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

"Kwa hiyo ni safu moja ndefu," Timazi alisema. "Niwapange kama foleni ya mafuta ya taa."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameichukua tena penseli na anagawanya kwa nne. Ikabaki moja. Akaitazama hiyo moja kwa muda, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeitwa kwa jina sokoni.

"Nani amesema lazima liwe umbo moja?" aliuliza.

Akaeleza. Zipo namba zisizogawanyika ambazo ukizijaribu kwa nne hubakiza moja, na zipo zinazobakiza tatu. Hizi za kubakiza moja zina tabia yao: kila mojawapo inaweza kupangwa kuwa miraba miwili kamili, na kwa njia moja tu, hakuna ya pili. Si bahati wala kubahatisha. Watu walishathibitisha zamani, na haijawahi kutokea iliyokataa. Timazi alimtazama kama anavyomtazama muuza saruji anayesema mfuko umejaa. Alitaka kuona.

Mlango ukafunguliwa. Binti alitoka, akaweka kopo la vifungo katikati yao, akasimama ameegemea fremu ya mlango, mikono kifuani.

Mwalimu akamwaga vifungo sakafuni, akahesabu kumi na tatu. Akapanga vitatu vitatu, safu tatu: mraba. Vikabaki vinne, akavipanga viwili viwili: mraba. Hakikubaki kitu. Akavichanganya, akachukua ishirini na tisa: tano kwa tano, na mbili kwa mbili. Akachukua kumi na moja, mojawapo ya zile zinazobakiza tatu, akamsukumia Timazi. Mzee akavihangaikia, akavipanga hivi na vile, mwisho akavirudisha vyote koponi.

"Sasa yetu," mwalimu alisema.

Walianza juu kushuka. Thelathini na saba mara yenyewe, ukiitoa wanabaki arobaini, na arobaini si mraba. Thelathini na sita, wanabaki mia moja kumi na tatu, si mraba. Thelathini na tano, hapana. Waliteremka hivyo ngazi kwa ngazi, mwalimu akizidisha na kutoa, Timazi akisikiliza ameinama. Thelathini, hapana. Ishirini na tisa, hapana. Ishirini na nane mara ishirini na nane ni mia saba themanini na nne, wanabaki mia sita ishirini na tano.

Timazi akaushika mkono wa mwalimu, penseli ikasimama.

"Ishirini na tano kwa ishirini na tano," alisema. "Chumba cha kusubiri cha zahanati. Nimekiweka mimi."

Kuku wa jirani alipita kati ya vifungo, akadonoa kimoja, akakitema.

Binti ndiye aliyesema. "Na mkimtoa wangu?"

Mwalimu akaelewa swali, akalichukua kwa uzito wake. Alirudi kwenye mbao, akaikata elfu moja mia nne na nane vipande vipande. Nusu, nusu yake, nusu tena, mpaka ikabaki kumi na moja ambayo haikatiki zaidi. Akasema kumi na moja ikikaa ndani ya namba peke yake bila mwenziwe, miraba miwili haipatikani, hata ukeshe. Na wakiongeza jiwe tupu, iwe elfu moja mia nne na kumi, ndani yake mna tatu iliyo peke yake. Hiyo pia inakataa.

"Kwa hiyo ni lazima wawe wote," binti alisema.

"Wote. Wala wasizidi." Mwalimu akainuka, akajifuta vumbi. "Lakini nisikudanganye, mdogo wangu. Namba haimpendi mtu wala haimchukii. Haimjui. Haitasema wewe ni nani, wala haijali kamati imechoka."

Akachukua gauni lake akaondoka. Binti akaokota vifungo, kimoja kimoja, akarudi ndani. Kwa baba yake bado hakusema kitu.

Mkutano wa wafiwa uliitishwa mchana wa siku chache baadaye, katika ukumbi ambao sakafu yake pia ilikuwa ya Timazi. Mwalimu alichora miraba miwili ubaoni na kueleza kwa maneno machache. Wengine walielewa, wengine waliridhika kwamba mwalimu ameelewa. Kisha mwenyekiti akainuka na hoja zake, na tumtendee haki, hazikuwa hoja za kipuuzi. Miraba miwili isiyolingana italeta maneno: nani atakaa mkubwa, nani mdogo? Watu walioliwa na maji mamoja watagawanywa matabaka. Pili, zege limeshamwagwa na siku zimebaki chache. Nani atalivunja?

"Aliyelimwaga," Timazi alisema.

Kutoka nyuma mtu akasema mgongo wa mzee utavunjika kabla ya zege. Timazi hakugeuka. Alisema yule mtoto ni damu yake, kila mtu anajua, lakini hata angekuwa wa mtu asiyemjua kosa lingekuwa lilelile. Alipima uwanja kabla ya kuuliza analazwa nani hapo. Katika maisha yake hajawahi kuvunja sakafu yake mwenyewe. Hii ataivunja, kwa mkono wake, na hataki malipo wala msaidizi. Anachoomba ni ruhusa.

Lakini hoja ya mkubwa na mdogo ilikuwa bado imekaa katikati ya ukumbi kama mgeni asiyeondoka. Aliyeiondoa ni mama mmoja muuza mkaa, aliyepoteza watu wanne wa nyumba moja.

"Wangu wawekeni kwenye mraba mdogo," alisema. "Walizoea kubanana."

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza katika ukumbi ule tangu maji, na katikati yake wengine walikuwa wanafuta macho. Mtu mwingine akasema na wake pia, mdogo. Mwingine akasema popote. Mikono ilipohesabiwa, wengi walikubali. Mwenyekiti hakuinua wa kwake, lakini aliandika uamuzi kwa mwandiko wake safi, neno kwa neno, akausoma ili wasikie hakuna kilichopunguzwa.

Halafu akaongeza jambo, na sauti yake ilikuwa ileile laini. Alisema mkutano huu wenyewe ndio uliokataza jiwe tupu. Jiwe la mtoto lisipokuwa na jina, kwa kanuni yao wenyewe haliwezi kuwekwa. Na bila hilo, kwa maelezo ya mwalimu, miraba yote inavunjika. Basi jina lipatikane.

Ukumbi mzima ukamtazama Timazi. Baadhi walimtajia majina hapohapo, majina mazuri, ya mababu na ya heri. Babu ana haki, walisema. Ataje tu, Tindo achonge, mambo yaishe.

"Jina si langu kutoa," alisema, akaketi.

Jioni alimweleza binti yake kutoka upande wa pili wa pazia. Alimwambia mkutano umekubali, na kwamba limebaki jina tu. Alimwambia hamshurutishi. Kama hataweza, ataenda kwa kamati kuwaambia hataweza, na litakalokuwa na liwe. Alisikia tu mkasi ukikata uzi.

Asubuhi iliyofuata alishuka uwanjani jua likiwa bado chini, nyundo kubwa begani. Alisimama kwenye pembe ya ukingo, ile aliyoimwaga kwanza, akaipapasa kwa kiganja. Ilikuwa imekaa vizuri, laini, haina hata tundu la hewa. Akainua nyundo akapiga. Mara ya kwanza zege lilimrudishia pigo mpaka mabegani. Mara ya pili likatoa mstari mwembamba. Mara ya tatu pembe ikakatika, na Timazi akatoa sauti kama aliyekatwa yeye.

Alikuwa amevunja kipande kirefu kiasi alipoinuka kupumua, na ndipo akamwona. Binti yake alikuwa darajani. Alisimama pale, ameshika ukuta wa daraja kwa mkono mmoja, anaitazama mitaa ya chini ambayo haikuwepo. Timazi hakumwita, hakumpungia. Alihofia hata kuishusha nyundo isije ikagonga jiwe.

Akavuka. Alipita kandokando ya uwanja, mbali na baba yake, akaenda moja kwa moja bandani kwa Tindo. Tindo alikuwa anakunywa chai. Aliiweka chini, akainuka, akavua kofia. Binti akasema kitu. Tindo akainama, akaweka mkono sikioni, na binti akarudia. Yule mtu mnene, mwenye neno kwa kila jambo, alivuta jiwe, akalifuta kwa kiganja, akachukua chaki, akaandika. Binti akachutama. Akapitisha kidole juu ya kila herufi, moja baada ya nyingine, bila kuzigusa, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Kutoka pale alipokuwa Timazi herufi hazikusomeka. Aliona tu Tindo akiketi, akiliweka jiwe katikati ya magoti yake, akielekeza chuma kwenye herufi ya kwanza, na binti yake akilishika jiwe kwa mikono miwili lisiteleze, pigo la kwanza likashuka.